Nyimbo Tisa za Zabroni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikalisha mbele ya makasha kumi na moja ya kanda na kuniuliza napenda muziki gani. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimetoka Ngara na sanduku moja la nguo na mtoto mgongoni, na pale Biharamulo mjini nilikuwa namjua mtu mmoja tu. Mwenye akili zake angejibu kwaya. Mimi nilijibu hip hop.

Mkuu wa Kituo alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Akaikaza tai yake.

"Zile kelele?"

"Ndiyo, mzee. Nazisikiliza mpaka mwisho, na naweza kukuambia wimbo wa tano unaanzaje."

"Basi hata kwaya utazisikiliza mpaka mwisho. Anza kesho."

Ndivyo nilivyokuwa mtunza maktaba ya muziki wa redio ndogo ya jamii, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikaota mvi. Vijana wa leo mnagusa kioo cha simu na wimbo unakuja, mkadhani siku zote ulikuwa unakuja wenyewe. Haukuwa unakuja wenyewe. Kulikuwa na mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kila albamu niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mikono mitupu, bila kalamu. Mara ya pili na daftari la maktaba: jina la wimbo, dakika zake, maneno ya kuanzia na namna unavyoisha, maana kuna nyimbo zinazokatika ghafla na nyingine hufifia polepole, na mtangazaji asiyelijua hilo hubaki ameduwaa hewani. Pembeni niliweka alama: R ni ruksa, T ni tahadhari, M ni marufuku. Mara ya tatu niliwasha deki, nikatoka uani, nikasikiliza kupitia dirishani huku nachambua maharage. Msikilizaji wetu hakai mbele ya spika. Yuko Runazi anapukuchua mahindi, au yuko Nemba anamenya mihogo, na watoto wanapiga kelele. Wimbo usiofika uani kwangu haukuwa na haja ya kurushwa.

Baada ya mara ya tatu ndipo nilipovunja kijino. Mgongoni mwa kanda kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, deki haikubali tena kurekodi juu ya upande huo. Kabla ya mara ya tatu sikuvunja, kwa sababu albamu mbovu niliirudisha kazini kama kanda tupu. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe na niliringa nayo sana.

Mnataka kujua albamu zangu. Ya kwanza ni "Godoro la Sufi", ya ndugu wawili wa Mwanza waliopanga chumba kimoja, na nyimbo zote kumi zinatokea ndani ya chumba hicho. Katika wimbo wa sita mdundo wote ni maji yanayodondoka kwenye ndoo. Ya pili ni "Mita Mia za Mwisho", ya dada mmoja wa Tanga aliyechana mistari bila kiitikio hata kimoja, na hakuna mwanaume niliyemsikia akimfikia kwa pumzi. Ya tatu ililetwa na dereva wa lori, haina ganda wala jina, Kiingereza cha Wamarekani. Sikuelewa neno. Nilijua tu kwamba yule bwana amegombana na mama yake na kwamba wanapatana kwenye wimbo wa nane, na nililia kila ulipofika. Miaka mingi baadaye binti yangu akarudi na Kiingereza cha chuo, akasikiliza, akaniambia siyo mama yake, ni mwenye nyumba wake. Sikubadilisha msimamo. Wimbo wa nane bado unaniliza.

Mkuu wa Vipindi wa wakati huo, mama mkali mwenye shahada, alinipa nusu saa ya kuchana kila Jumamosi alasiri baada ya kumsumbua mwaka mzima. "Nusu saa, Imelda," alisema. "Nikisikia tusi moja, narudisha kipindi cha kilimo cha vanila."

Nusu saa hiyo ndiyo iliyomleta Zabroni.

Zabroni alikuwa fundi baiskeli wa Nyamahanga, miaka ishirini na minne, mikono myeusi kwa grisi. Alifika Jumamosi moja, akaniamkia kwa shikamoo, nikaitikia, akatoa mfukoni kanda iliyofungwa kwa leso.

"Dada, hii ni arbamu."

"Mbona imeandikwa Kwaya?"

"Mama yangu yuko kwaya. Upande wa pili bado ni yeye na wenzake, usiwaguse. Upande wa kwanza ni mimi. Nyimbo tisa. Nakara ingine sina."

"Mistari umeiandika wapi?"

"Niandike ya nini? Iko kichwani."

Alikuwa amerekodi kwa kinanda cha kanisa, na rafiki yake ndiye aliyepiga. Alipoondoka nikaiweka kwenye deki, mikono mitupu, kama desturi. Wimbo wa kwanza ulimhusu mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki huku akitoa salamu kwa kila nyumba anayoipita. Wa tatu aliuimbia shamba la mihogo lililoliwa na ugonjwa wa batobato, akazungumza na shina moja moja, nami nikajikuta nimesimama. Wa saba alimwita baba yake aliyekufa na kumhesabia mambo yaliyotokea tangu siku ile. Nilikuwa nimesikiliza mamia ya albamu wakati huo. Hakuna iliyokuwa imenishika namna hiyo. Nilirudia na daftari, nikafika wimbo wa nne, umeme ukakatika. Nikaiacha kanda mezani.

Sasa mjue desturi ya kituo. Kanda tupu zilikuwa adimu, na kwaya zilituletea kanda mpya kila msimu. Kwa hiyo kila Jumatatu nilichukua kanda kuukuu ya kwaya ikawa kanda ya vifo ya wiki. Tangazo la msiba lilirekodiwa asubuhi, likarushwa mchana na jioni, na la kesho likarekodiwa mbele ya la leo. Ikifika Ijumaa upande mmoja umejaa.

Jumatatu ile nilimkuta mlangoni mwanamke kutoka Runazi. Amefiwa na mume, mazishi kesho, na shemeji zake wako Nemba hawana habari. Jina la marehemu lilimtoka vipande vipande. Nilinyoosha mkono mezani, nikaona neno Kwaya, nikaitia kwenye deki. Mtangazaji akasoma. Nikaenda posta na shughuli zangu.

Ijumaa nikaitafuta kanda ya Zabroni. Nilipekua makasha yote kumi na moja. Mwisho nikaitazama ile iliyokuwa ndani ya deki. Nikairudisha mwanzo na kusikiliza upande mzima, nikitegemea angalau mstari mmoja umesalia. Ulikuwa ni msiba juu ya msiba. Fundi Mitambo alikuja kusimama mlangoni, akasema, "Kilichofutwa kimefutwa, dada. Usijitese." Kijino nilikuwa sijakivunja, kwa kanuni yangu mwenyewe ile niliyokuwa naringa nayo.

Jumamosi Zabroni akaja. Na mimi, niliyekuwa sijawahi kumwogopa mkuu yeyote pale, nilimwogopa fundi baiskeli.

"Deki imekula mkanda," nikamwambia.

Akapangusa vidole kwenye suruali. Kisha akauliza, "Na upande wa mama?"

Hapo ningeweza kujirekebisha. Upande wa mama ulikuwa mzima kabisa, lakini ningempa ile kanda, angegeuza upande wa kwanza na kusikia nilichofanya.

"Nao umeliwa," nikasema.

"Basi, dada. Mashine ni mashine. Pole na wewe."

Akanipa pole. Mimi.

Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Niliingia ofisini kwa Mkuu wa Vipindi na kumwambia nataka studio kwa ajili ya mchanaji mmoja, kila Jumamosi asubuhi.

"Studio ni ya habari na mahubiri," akasema.

"Basi tafuta mtunza maktaba mwingine."

"Imelda, unaniachia kazi kwa sababu ya fundi baiskeli?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kama mgonjwa, akanipa miezi mitatu. Zabroni akawa anakuja kwa baiskeli kutoka Nyamahanga, tunakaa wawili, mimi na daftari langu. Nyimbo nne za kwanza zilirudi upesi kwa sababu maneno ya kuanzia nilikuwa nayo. Tatu nyingine tulizivuta kwa shida, maana hata kichwa chake kilikuwa kimeachia mengi, mmoja anakumbuka kina, mwingine anakumbuka pumzi. Wa baba yake ulirudi. Wa nane na wa tisa haikuwezekana. Nilitoa nakala tatu na kuvunja vijino vyote kabla hata ya kusikiliza, na tangu hapo ndivyo nilivyowafundisha wote walionifuata: vunja kwanza, sikiliza baadaye. Zile nyimbo saba zilipigwa mpaka watu wa Runazi wakaziimba mashambani. Mwishoni mwa wimbo wa mwisho aliongeza maneno ya kunishukuru mimi, dada aliyempigania. Sikuwahi kuupiga wimbo huo nikabaki chumbani.

Mama yake Zabroni alifariki miaka mitatu kabla sijastaafu. Nilikwenda Nyamahanga msibani, nikakaa na wafiwa, na wakati huo sauti yake ilikuwa kabatini kwangu imefungwa kwa leso ile ile. Sikusema. Naliandika jambo hili kwa aibu, na nataka lisomwe hivyo.

Siku ya kuniaga, kituo kiliandaa wali, nyama na soda uani. Mkuu wa Kituo wa sasa, bwana mdogo wa kompyuta, alisoma historia yangu akakosea nusu yake. Kisha wakamsimamisha Zabroni, ambaye sasa ana mvi na duka la vipuri, aseme neno. Akanisifu mpaka nikashindwa kukaa. Nikasimama katikati ya maneno yake, nikatoa kanda kwenye mkoba, nikasema yote mbele ya watu: kanda ya vifo, uongo wa deki, na upande wa pili.

Zabroni akaipokea kanda na kuigeuzageuza.

"Ya upande wa kwanza nilijua tangu Jumatatu ile," akasema. "Nilikuwa nakaza spoku, redio iko juu ya benchi. Tangazo likaisha, mtangazaji wenu akachelewa kuzima. Nikajisikia mwenyewe, nusu ya mstari, halafu nikakatwa. Nilikuja Jumamosi nione utasemaje."

"Na hukuniuliza?"

"Uliniletea studio. Nikaona deni unalilipa." Akatazama ile leso. "Ya mama sikujua, dada. Hiyo sikujua."

Akavaa kofia, akaondoka na kanda yake kabla wali haujapakuliwa. Nilikunywa soda tu siku hiyo.

Nimestaafu na kurudi Ngara, kwenye migomba ya wazazi wangu. Bado nasikiliza. Ninapopalilia, simu iko mfukoni na kamba za masikio ziko mahali pake. Sasa hivi niko na albamu ya binti mmoja wa Geita anayechana kuhusu wodi ya wazazi, na namwambia yeyote anayebisha kwamba huyu atawapita wote, isipokuwa yule wa Tanga. Nasikiliza kwa mpangilio, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na wajukuu wakiruka wimbo nawanyang'anya simu.

Zabroni alikaa kimya miezi miwili. Nilihesabu. Kisha jioni moja simu ikalia, ujumbe wa sauti. Kwanza ilikuwa kwaya, sauti za akina mama wa Nyamahanga, na mmoja kati yao juu zaidi ya wengine. Niliitambua. Dakika nzima, hakuongeza neno.

Wiki iliyofuata akatuma mwingine. Safari hii ni yeye, anajaribu wimbo wa nane. Amekuwa akinitumia kila Alhamisi tangu hapo, na mimi nafunga mlango, mikono mitupu, nasikiliza. Jana nikampigia.

"Siyo wenyewe," nikamwambia. "Ule ulikuwa mkali zaidi ya huo."

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Haya," akasema. "Narudia."