Ugonjwa wa Protekti

Mtaani kwetu amplifaya haziharibiki, zinaugua. Na ugonjwa wao ni mmoja tu, unaitwa protekti. Utamwona mtu anakuja amelibeba lidude begani, jasho linamtiririka, anauliza, "Fundi yupo? Hii yangu imeingia protekti, nataka anitolee." Anasema kama mtu aliyekuja kung'olewa jino.

Kisa chenyewe ni ile taa nyekundu iliyo mbele ya mashine, yenye hilo neno la kigeni chini yake. Taa ikiwaka, mziki unakata. Basi watu wakajumlisha wenyewe: taa ndiyo inayokata mziki, taa ndiyo mchawi. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza kwa nini mtu aliyeiunda mashine, mwenye akili zake timamu, amtie mchawi ndani yake halafu amwashie na taa.

Aliyejiuliza alikuwa mmoja, na kwa kujiuliza huko akavishwa jina. Anaitwa Fundi Protekti hadi leo. La kuzaliwa nalo nadhani anaitwa na serikali tu.

Kazi anafanyia chumba cha mbele cha nyumba yake. Meza yake ina alama nyeusi za pasi ya kuchomelea risasi, kama meza iliyougua tetekuwanga. Waya zimening'inia ukutani kwa rangi zake, transista zimo kwenye makopo ya maziwa ya unga, na ukikosea ukakaa kwenye kiti chake utainuka na skrubu tatu makalioni. Ukimpelekea mashine haulizi habari za nyumbani. Anafungua nati moja moja, anazipanga kwenye kifuniko, anapuliza vumbi, mende wanatoka, anawapisha wapite. Ndipo anashika mita, anapima, halafu anakukatisha tamaa.

"Protekti siyo ugonjwa," anasema. "Ni mtu anayepiga yowe kwamba nyumba inaungua. Wewe umekuja nimzibe mdomo."

"Fundi, mimi nina shughuli Jumamosi."

"Humu kuna transista imekufa. Nikiziba njia ya protekti, umeme wote mzito unakwenda kwenye spika. Zitapiga mziki dakika mbili, ya tatu zitatoa moshi."

"Mbona shemeji yako anaziba dakika tano tu, na watu wanacheza?"

Hapo Protekti anarudi kwenye nati zake, kwa sababu ni kweli. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni mwenye vyombo vya mziki vya kukodisha na ni mshereheshaji pia, jina lake la kazini Mdundo. Mdundo hana mita. Ana kipande cha waya, urefu wa kidole. Ndani ya kila amplifaya kuna swichi ndogo inayojifunga na kujifungua yenyewe, inaitwa relei. Ukiwasha, inasubiri sekunde tatu nne, ikiona mambo shwari inalia tik, ndipo inaruhusu sauti kwenda kwenye spika. Ikiona balaa, tik, inakata. Mdundo anachofanya ni kuruka hiyo relei na waya wake, sauti ipite moja kwa moja, balaa na lenyewe lipite. Taa inaweza kuwaka ikitaka, haina wa kumwambia. Wateja wanamwita daktari. Spika zikiungua baadaye, wanasema za siku hizi hazina kitu.

Sasa Protekti naye hakuwa malaika. Alikuwa na mke wa pili, na mkewe alimjua: amplifaya yake mwenyewe, aliyoijenga miaka sita, ambayo haikuwahi kuvuka kizingiti. Transfoma yake ilikuwa nzito hadi kabati likainama. Mgongoni alikuwa ameifunga mapezi ya alumini kama samaki aliyevaliwa kinyumenyume, ya kupozea. Na ulinzi aliuweka usiokuwa na mfano: mmoja wa joto, mmoja wa waya kugusana, mmoja wa umeme mzito, na mmoja ambao hata yeye alikuwa amesahau unalinda nini. Kitu kilikuwa na woga kuliko benki.

"Mume wangu," mkewe alimwuliza siku moja, "hilo dude lako halipigi mziki lakini ni la moto. Linafanya nini humo ndani?"

"Linasubiri."

"Linasubiri nini?"

Akamweleza, na mimi nilikuwepo mlangoni nikafaidika. Humo ndani, akasema, kuna transista mbili zinazopokezana, kama watu wawili wanaopokezana ndoo. Mmoja anasukuma sauti, mwenzake anavuta. Kwenye mashine za ovyo, mmoja akimaliza zamu analala, mwingine anaamka, na hapo katikati ndoo inamwagika kidogo. Kwenye mziki mkubwa hutajua. Lakini kwenye sauti ndogo, ya mtu anayenong'ona, sauti yote iko hapo hapo wanapopokezana, kwa hiyo inamwagika karibu yote, unasikia mkwaruzo tu. Dawa yake ni kutowaacha walale. Unawapa umeme kidogo hata kukiwa kimya, wakae macho. Ndiyo maana ni la moto.

"Kwa hiyo wafanyakazi wako hawalali," mkewe akasema, "wewe unalala."

Ikabaki hivyo, mpaka binti yao alipopata mchumba.

Huyo binti alilelewa na bibi yake mzaa mama tangu akiwa wa kubebwa mpaka darasa la saba, na bibi alikwisha fariki. Alichomwachia ni kaseti moja. Aliirekodi mwenyewe kwenye redio yake, amekaa kitandani, ili mjukuu aisikilize siku ya harusi. Harusi ilichelewa, kaseti ikasikilizwa kila msiba na kila kikao cha familia, kwa hiyo wote wakawa wameihifadhi kichwani: bibi anasalimia, anamwita mjukuu wake mke mwenzangu, anamwusia kuhusu ndoa. Halafu katikati anashusha sauti, na kwa kama dakika nzima unasikia mmm, mmm, mkwaruzo, mmm. Kisha sauti inapanda tena, anawabariki, basi. Pale kwenye mmm familia nzima walikuwa na hakika ni sala. Wakifika hapo wanainamisha vichwa, ikiisha wanaitikia amina.

Binti akaja chumba cha mbele, akasimama mlangoni.

"Baba, nikuombe kitu kimoja tu cha harusi. Mengine yote mtagombana na mama."

"Sema."

"Ile sala ya bibi. Nataka niisikie maneno yake. Hilo dude lako si ulisema ndilo linalosikika hata mtu akinong'ona?"

"Nilisema."

"Basi lije ukumbini. Na usiisikilize kabla yangu. Tuisikie wote siku hiyo, mara moja."

Mwanamume aliyekataa kuitoa mashine hata kwa mganga wa kienyeji aliyetaka kuitangazia dawa, akasema sawa. Wiki mbili hakula vizuri. Alipima, akakaza, akageuza kiskrubu cha kuwaamsha wale wapokezana ndoo kwa unywele mmoja kulia, unywele nusu kushoto. Deki ya kaseti akaisafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa spiriti na pamba, akairekebisha ikae sawa na utepe. Akajaribu kwa kaseti nyingine zote za nyumbani. Ya bibi hakuigusa, ahadi ni ahadi.

Siku ikafika. Ukumbi una bati juu na feni sita zinazopiga kelele kama zinalipwa kwa hilo. Saa tisa mchana, watu mia tatu, viti vya plastiki, Mdundo kwenye maiki amevaa suti ya rangi ambayo haipo kwenye upinde wa mvua. Mashine zake na spika nane zilikuwa zimekwisha fanya kazi tangu saa saba, na nusu ya wageni walikuwa wanaongea kwa ishara.

Ikaja zamu ya kaseti. Protekti akiwa ameinama anaifuta hedi mara ya mwisho, Mdundo kwa nia njema kabisa akazichomoa spika zake zote nane kwenye mashine yake, akazifunga kwenye dude la shemeji yake. Zote nane, kwenye waya mmoja.

Protekti akawasha. Sekunde nne. Tik. Bibi akasema, "Mke mw—" Tik. Taa nyekundu.

Bibi harusi alikuwa amesimama pale mbele na shela lake, mikono ameikunja kifuani, akabaki hivyo hivyo akitazama ile taa. Meza ya wakwe mtu mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Imeingia protekti."

"Shemeji," Mdundo akainama, tayari waya wake uko mkononi, sijui hata huwa anauficha wapi, "sogea kidogo. Dakika moja."

"Umefunga spika ngapi?"

"Nane. Watu mia tatu hawa, watasikia nini na spika mbili?"

"Nane kwa mara moja ni kama kufungulia mabomba nane kwenye tangi moja. Inanyonywa kuliko inavyoweza. Imekataa, na imefanya vizuri kukataa."

"Sikiliza, huyo ni mama yangu mzazi aliyekatwa hapo. Niache niruke hiyo relei."

"Ukiruka, transista zinakwenda. Zikienda, leo hatumsikii mama yako kabisa. Unamtaka au humtaka?"

Mdundo akamtazama mpwa wake, akaona mdomo umeanza kucheza. Akaurudisha waya mfukoni. Protekti akachomoa spika sita, akabakiza mbili. Kisha akasema jambo ambalo halijawahi kusemwa kwenye ukumbi ule.

"Zimeni feni."

Feni zikazimwa. Joto likatufunika kama blanketi. Na kwa kuwa spika za Mdundo zilikuwa chini hazina kazi, ilibidi awaombe watu utulivu kwa mdomo wake mtupu, ndipo tukagundua baada ya miaka yote hiyo kwamba Mdundo ana kisauti cha kuku.

Watu wakatulia, wanajipepea kwa kadi za mwaliko. Protekti akawasha. Tik. Akarudisha utepe mwanzo, akabonyeza.

Na bibi akaingia ukumbini. Siwezi kusema vingine. Tulisikia kitanda kikilia alipojisogeza, tulisikia jogoo wa jirani, tulisikia akimeza mate. "Mke mwenzangu," akasema, na binti akafumba macho. Usia wote ukapita, hakuna aliyekohoa. Kisha sauti ikashuka. Watu wa familia, kwa mazoea, wakainamisha vichwa.

"Sasa hili lingine," bibi akanong'ona, kila herufi mahali pake, "usimwambie baba yako. Hii redio aliyonitengenezea ina kichaa. Nikiongeza sauti kidogo tu inajizima, eti inajilinda. Inajilinda na nani, mimi mwizi? Nimemwita mjomba wako kakikata hicho kidude chake. Sasa inaimba vizuri mno, mjukuu wangu. Ila tangu jana inanuka moshi. Nasema kwa haraka kabla haijaniungulia. Baba yako ni mtu mzuri, lakini kuolewa na mtu anayekata maneno katikati ni kazi. Mama yako namwonea huruma."

"Amina," ikaitikia meza ya mashangazi, kabla akili hazijafika.

Ukumbi ukalipuka. Mkewe Protekti alikuwa amelala juu ya meza, mabega yanaruka. Bwana harusi alijitahidi kukaza uso kwa heshima ya mkwe, akashindwa vibaya. Mdundo peke yake hakucheka. Kwa sababu redio ile ya mama yake iliungua kweli, juma lile lile, ikachoma na pazia, na kwa miaka yote kwenye kila kikao Mdundo ndiye aliyekuwa akisema mbele za watu, "Zile ni kazi za shemeji." Na shemeji mtu hakuwahi kujibu, maana hata yeye aliamini kuna mahali alikosea.

Protekti akageuka akamtazama. Mkewe alikuwa amekwisha inua uso, na alikuwa ana la kusema kwa niaba ya wote wawili, lakini binti akamshika baba yake mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado anacheka.

"Baba, baraka zimepita watu wanapiga kelele. Sikuzisikia. Rudisha."

"Rudisha baraka tu," Mdundo akadakia. "Hapo katikati ruka."

"Kaseti hairuki," Protekti akasema.

Akabonyeza kurudisha. Na utepe wa zamani, ukiurudisha, hujui utasimama wapi. Alijaribu mara tatu kuutega kwenye baraka. Mara zote tatu ulianzia kwenye "Sasa hili lingine," na mara ya tatu mashangazi walikuwa wamekwisha ushika, wanausema pamoja na bibi neno kwa neno, na mashine ya Protekti ikawatolea yote safi, bila mkwaruzo, bila kukata hata mara moja.