Kumpelekea Mama Masika Wimbo Wake

Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko mtaa wa Mapendo, na nina mazoea ambayo mume wangu anayaita wazimu. Kila wimbo mpya unaonigusa nauandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Mwaka ukielekea mwisho naipitia ile orodha, nafuta, napanga upya, mpaka namba moja ipatikane. Mwaka huu namba moja haikunipa shida hata kidogo. Shida ilikuwa kwamba wimbo wenyewe ungeweza kuondolewa usisikike tena.

Mwenye wimbo ni Kambale, kijana anayepanga chumba nyuma ya kibanda changu. Aliutoa katikati ya mwaka, na mvua zilipoanza ulikuwa umeshaenea mtaa mzima wa Majengo. Lakini ile sauti inayopanda taratibu, halafu ikakatika kabla ya kufika juu, hakuitunga yeye. Ni ya mama yake, Mama Masika, anayekata samaki Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward. Mume wake alizama ziwani Kambale akiwa na miaka tisa, na tangu siku hizo mama huimba wimbo huo kwa Kinande, kisu mkononi, akijiimbia mwenyewe. Kambale aliuchukua bila kuomba.

Sasa alitaka kupiga picha za klipu, yaani video ya wimbo, na moyo ukaanza kumsuta.

"Mama Rehema," aliniambia, "enda umusikilizishe. Akisema hapana, ninaiondoa fasi yote."

"Wewe mwenyewe uko na miguu."

"Nitamuangalia namna gani mu macho?"

Nilikubali kwa sababu mbili. Kijana alinitia huruma, hiyo ya kwanza. Ya pili, nilitaka namba moja yangu ibaki. Sioni sababu ya kuficha.

Saa kumi na mbili asubuhi niliingia kwenye Fuso ya Papa Shabani, anayepanda Vitshumbi na bidhaa na kushuka na samaki. Aliendesha magari pamoja na marehemu baba yangu, wote asili yao Maniema, na mpaka leo ananiita mutoto ingawa nina wajukuu wawili. Nilimpa kile kidude changu cha nyimbo akichomeke kwenye redio ya gari. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila wimbo autolee hukumu.

Kibumba tulikuta ukungu na magunia ya kabichi kando ya barabara. Hapo niliwafungulia wasichana wawili wa Majengo wanaorap juu ya foleni ya maji: bidoni, yale madumu ya manjano, zimepangwa tangu alfajiri, na mama mmoja anatuma bidoni yake ishike nafasi huku yeye akiendelea kulala. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Mdundo wote ni bidoni tupu inayopigwa kwa kiganja. Tangu wimbo huu utoke sijasimama kwenye foleni ya maji bila kuwasikia. Walichukua jambo linalotuchosha kila siku wakatufanya tulichekee, na kazi hiyo si ndogo.

"Hawa bako sawa," Papa Shabani alisema. "Lakini babaongezee gitaa."

Kwake yeye, hata adhana ingeongezewa gitaa.

Karibu na Rutshuru kulikuwa na barrière, kamba iliyovutwa barabarani, na magari manane mbele yetu. Barabara hii mwaka huu imefungwa na kufunguliwa mara nyingi, kwa hiyo watu wanasubiri bila kunung'unika. Niliweka wimbo wa kwaya ya parokia moja. Mimi ni Mwislamu, Kilatini chao sikijui, ila najua sauti za chini zikikaa mahali pake. Kwaya hii ilirekodi ndani ya kanisa lenyewe, na mvua inasikika juu ya mabati. Wengine wangesubiri mvua ipite. Wao walipunguza mwendo wakaifuata. Mtu wa kwenye kamba alipofika dirishani alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti ndipo akauliza karatasi za gari.

Kiwanja, saa sita, tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu. Kwenye mkahawa kulikuwa na redio, nayo ikaanza kupiga wimbo ambao nilikuwa nimeapa sitauandika daftarini. Huo ndio ule wa kucheza kwa bega moja, ambao kwenye harusi za mwaka huu ulipigwa kabla ya chakula, baada ya chakula, na bibi harusi akiwa anaingia garini. Niliuita kelele tangu siku ya kwanza. Basi mama mwenye mkahawa, mtu mzima mwenye kilemba, alikuja na sahani zetu mbili huku bega lake linakwenda, hata mchuzi haukumwagika. Nilijikuta bega langu nalo linajibu.

"Si ulisema ni makelele?" Papa Shabani aliuliza.

"Kula, papa, bugali inapoa."

Baada ya Mabenga barabara inaingia mbugani. Nyasi zinafunguka pande zote mbili na gari linabaki peke yake. Niliukusudia wimbo mmoja kwa ajili ya sehemu hii: rumba ya muzee mmoja wa mtaa wa Birere, mtengeneza redio, aliyepiga gitaa maisha yake yote kwenye sherehe za watu na mwaka huu, meno yakiwa yamebaki machache, akarekodi kwa mara ya kwanza. Anaimba kuhusu mke aliyemngoja amalize kila sherehe ndipo waende nyumbani. Sauti yake imechakaa, ila vidole bado vina adabu, haviingilii maneno. Papa Shabani hakutoa hukumu. Aliurudisha mara mbili, na ya pili alizima feni ili asikie vizuri.

Tulipokaribia Rwindi aliniuliza namba moja ni ipi. Nilimwambia huo sitaupiga, mwenyewe lazima ausikie kwanza.

"Majengo nzima imeusikia. Unamuficha nani?"

Kutoka hapo nilianza kuogopa.

Saa tisa alasiri tuliingia Vitshumbi. Marabu, wale ndege wakubwa wenye kipara, walikuwa wamesimama juu ya paa na kati ya watu, wakingoja matumbo ya samaki. Moshi wa kukaushia ulikuwa umetanda, na kwenye tope kulikuwa na nyayo za kiboko ambazo watoto walizikanyaga bila kuziangalia. Mama Masika nilimkuta kwenye meza ya kukatia, mwanamke mwembamba, mikono imejaa magamba. Niliposema nimetoka kwa Kambale alinipa kifundo cha mkono nikisalimie badala ya kiganja.

"Iko muzima?"

"Muzima, mama. Ametoa wimbo. Amenituma nikusikilizishe."

"Ya Mungu ao ya dunia?"

"Yako," nilisema. Kisha nikamweleza yote, kwamba mwanawe aliuchukua bila kuomba, kwamba anaogopa, na kwamba neno lake ndilo litakaloamua.

Aliinua kisu akaendelea kukata, nami nikashikilia simu karibu na sikio lake. Sauti ya Kambale ilipoanza kupanda, kisu kilisimama katikati ya samaki. Kilikaa hapo muda wote. Wimbo ukafika sehemu ya kucheza, ambako Kambale, kama waimbaji wote wa kwetu, anatupa mabanga, yaani yale majina ya marafiki na wafadhili ambayo mwimbaji huyaita ndani ya wimbo. Nayajua yote kwa moyo: wa duka la dawa, wa mabasi, binamu wawili wa Kampala, mpaka mimi mwenyewe, Mama Rehema wa Mapendo. Nakiri nilipoitwa hapo nilitabasamu kidogo.

"Rudisha," mama alisema.

Nilirudisha. Mara hii alikuwa anahesabu kwa vidole vyenye magamba.

"Batu kumi na moja," alisema wimbo ulipokwisha. "Ameita batu kumi na moja ndani ya kilio ya papa yake. Sasa papa yake mwenyewe iko wapi?"

Nilisikia uso unaniwaka. Mimi ninayejisifu kwa masikio, niliyeusikiliza wimbo ule labda mara mia moja huku nikikanyaga cherehani, sikuwa nimeliona pengo hilo. Jina langu nililisikia kila mara. Jina la marehemu sikuwahi kujiuliza hata kama ninalijua. Nilimwomba msamaha, wa kijana na wangu, nikamwambia basi nitampelekea jibu kwamba ni hapana.

"Nani amesema hapana? Ngoja kesho."

Alfajiri, wavuvi walipokuwa wanarudi, alinipeleka kando ya maji, mahali wanawake wanaposimama kuita mitumbwi ya waume zao. Alisema alipokuwa ameolewa alisimama hapo kila siku. Baada ya msiba aliacha kulitaja jina, kwa sababu kila alipolitaja Kambale alikuwa anaacha chakula. Akawa anasema tu "mwenye nyumba".

"Fungula simu," aliniambia.

Niliwasha kurekodi. Aliweka mikono miwili mdomoni akaita kuelekea ziwani, jina zima, "Paluku Muhamba!", mara tatu, na ya tatu akaimalizia kwa ile sauti yake inayokatika kabla ya kufika juu. Nami nililia, sikujizuia.

"Aiweke mbele ya wote," alisema akijifunga kanga upya. "Bale bengine abaache bakae, bamemulisha."

Kurudi tulikuwa na samaki nyuma na hatukupiga muziki mpaka Kiwanja. Papa Shabani, baada ya kusikia habari yote, alisema kitu kimoja tu, kwamba hiyo haihitaji gitaa.

Saa kumi na moja jioni nilifika Mapendo. Kambale alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda changu, shati limelowa jasho. Nilimwambia kwanza kwamba mama amekubali, apumue. Kisha nikamwambia alichouliza. Aliinamisha kichwa.

"Nyumbani ile jina haikutajwaka," alisema. "Mama alikuwa anasema 'mwenye nyumba' tu. Nikajua inamuumiza. Njo sababu niliiacha."

Nilikaa chini karibu naye. Mama alinyamaza asimlize mtoto, mtoto akanyamaza asimlize mama, na kati yao yule mtu akabaki bila mtu wa kumwita. Mwaka mzima nilikuwa nasifu nyimbo kwa kilichomo. Sasa najua kuna lisilotajwa pia, na mtu anaweza kulipita mara mia moja akicheza. Wimbo ule bado ni namba moja yangu, naupenda zaidi, ila sitasema tena kwamba niliusikia vizuri.

Nilimwekea ile rekodi. Mama yake alipoita mara ya kwanza, Kambale alishika ukuta. Rekodi ilipokwisha hakuomba kuirudia. Alichukua simu yake akapiga Vitshumbi, na nilipokuwa nanyanyuka kumwachia nafasi nilimsikia anasema, "Mama, niambie. Papa alikuwa mutu wa namna gani?"

Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya nne, nikiwa ndani nafunika cherehani, nilimsikia anacheka.