Wifi Yangu na Futi Yake

Wifi yangu mshonaji hajui kumpima mtu kimyakimya. Futi iko shingoni, chaki nyuma ya sikio, na kila mwili unaopita mikononi mwake lazima ausifie. Akisimama mama mnene mbele yake, wifi humzungusha akishangilia, "Hapa Mungu hakubania kitambaa!" Akija mwembamba, "Huyu alishonwa kwa mkono, si kwa cherehani!" Sebule nzima hucheka, na anayepimwa pia.

Jana ilikuwa zamu ya binti yangu, gauni la kipaimara. Akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. "Pumua, mwanangu," wifi akamwambia. "Namshonea yule aliyeumbwa na Mungu, si huyu unayemwigiza." Binti akapumua, akacheka, kisha akamnyang'anya futi ampime na yeye. Mbona wifi naye akavuta tumbo! Binti akaruka kwa furaha: "Pumua, shangazi! Hapa Mungu hakubania kitambaa!" Wifi akacheka hadi chaki ikadondoka, tumbo likarudi mahali pake, na futi ikamponyoka binti vidoleni.

"Haya, pima upya," wifi akasema, mikono juu kama anayesifu. "Na uongeze kidogo, maana sijamaliza kucheka."