Fundi Bati Asiye na Kaburi la Ndugu Yake

Hana duka. Hana meza wala kiti; hukalia jiwe, na jiwe jingine ndilo fuawe lake. Hana mkasi mzuri wa kukatia bati, wala cheti cha ufundi, wala kofia ya kumkinga na jua. Na hana kaburi la mdogo wake.

Ni asubuhi, River Road. Zadock Oloo anakunja kipande cha debe la mafuta ya taa mpaka kinakuwa mrija, upande mmoja mwembamba, wa pili mpana. Wapita njia hudhani ni faneli.

"Faneli nauza," asema. "Hii siuzi. Hii ni ya mtoni kwetu."

Mtoni kwao ni Kabiria, bonde la pembezoni mwa jiji, alikopanga chumba kwa Mzee Haron Gichuru. Watu wa bonde lile walikuwa na desturi yao: maji yakianza kupanda, nyumba ya juu hupiga debe, inayofuata hupokea, hivyo hivyo mpaka chini.

Jumapili moja ya masika, mwaka juzi, madebe yalilia. Ogutu, mdogo wake Zadock, alikuwa amefika kwenye daraja la magogo. Saa ile ndiyo waumini wa kanisa la ngoma hurudi kwa maandamano, na adabu ya pale ni kuwapisha. Ogutu akadhani mlio ule ni ngoma zao; akavua kofia, akasimama ukingoni, akangoja wapite.

"Nilimwita kutoka ng'ambo," asema Njambi, binti ya Mzee Gichuru. "Akanipungia kofia. Alidhani namsalimu."

Yaliyokuja yalikuwa maji. Kofia ilipatikana kesho yake, imenasa kwenye matete. Ogutu hakupatikana.

Vyumba vya bondeni vilisombwa pia. Gichuru alitoa mahindi ghalani, wapangaji wake wakalala humo na watoto wao, na wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu wakapika chungu kimoja. Kisha, kwa ruhusa ya chifu, maana siku hizi mkutano bila kibali ni kosa, wakafanya kikao. Waumini walikubali kwamba mvua ikinyesha wataimba kwa makofi tu. Zadock aliahidi kila nyumba pembe ya bati, yenye sauti isiyofanana na ngoma yoyote.

"Oloo, ukipuliza hiyo karibu na ng'ombe wangu, maziwa yatakauka," Gichuru humtania. Zadock hucheka kidogo.

Lakini kila siku kabla ya kwenda kazini hupita kando ya mto na fimbo, akichokoa matope. Kwao Nyanza, mtu aliyepotelea majini huzikwa kwa tunda la yago, lile refu na zito, likalazwa kaburini mahali pa mwili. Wazee wa nyumbani wamekuwa wakingoja neno lake tu. Naye amekuwa akikataa.

"Nikisema ndiyo, ni mimi nimemzika," asema.

Huko nyumbani Milcah, mke wa Ogutu, haombolezi wala haolewi. Paa la nyumba yake limeoza, na kwa desturi hakuna wa kuligusa kabla ya mazishi ya mumewe. Kwa kinywa cha msafiri alituma ujumbe: "Shemeji, niite mjane, au mwambie Ogutu arudi."

Mwezi uliopita mto ulipanda tena. Pembe zikalia kutoka juu, nyumba hadi nyumba. Watu wakatoka wote, hata wagonjwa wakibebwa. Daraja likaenda na maji, wala hapakuwa na mtu karibu nalo. Zadock alibaki amesimama mlimani, pembe mkononi, akiwatazama usoni waliokuwa wakipanda.

"Nilikuwa nangoja nimwone Ogutu naye anakimbia," asema. "Alipopita wa mwisho, ndipo nikajua."

Adhuhuri analaza nyundo na kutoa barua aliyoiandika jana. Ni fupi. Watafute yago. Atakuja na kofia ya Ogutu, iliyotundikwa ukutani na ambayo hajathubutu kuivaa, na atakuja na mabati. Baada ya mazishi anataka kumwezekea Milcah kwa mikono yake, nyumba isivuje tena.

Analamba gundi, anaifunga bahasha na kuibana juu ya jiwe kwa kiganja mpaka ishike. Anavuka barabara hadi kwenye sanduku la posta. Mkono wake unakaa mdomoni mwa sanduku kitambo. Kisha anaiachia.