Msemaji wa Sinema Anyamaza

Miaka ile ya hamsini sinema ilitufikia kwenye kambi za wachuma chai kwa pikapu. Mwenye gari alikuwa na duka katika soko la Sosiot. Alipakia mashine, jenereta na shuka kubwa jeupe, nami nikakaa juu ya mizigo. Picha zilisema Kiingereza, kwa hiyo alikuwa amenitoa kwenye uchumaji niwe msemaji wake, nishike maikrofoni na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yanayotendeka. Niliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Kabla ya picha yenyewe tulionyesha kipande kifupi cha kutangaza picha ya wiki ijayo. Ijumaa moja kikawa cha picha ya kutisha: mwanamke peke yake katika nyumba kubwa, na kitu fulani kiko mlangoni. Fundi wa mashine alikuwa amenisimulia hadithi yote, na mimi kueleza ndiyo tabia yangu. Nikaeleza.

"Huyu mama anaogopa. Nyuma ya mlango kuna mwanamume mwenye kisu. Hicho mnachoona ni kivuli chake."

"Si afunge mlango basi!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukacheka.

"Tumeshajua yote," mwingine akadakia. "Wiki ijayo mimi nalala zangu."

Tulipokuwa tukikunja shuka, mwenye gari akaniambia polepole, "Bwana, hiyo picha nimeikodi ghali. Kesho tunaonyesha kipande hicho kambi ya pili. Wakicheka tena, Jumatatu urudi kwa majani chai."

Asubuhi nikamsihi fundi anizungushie kile kipande ndani ya stoo ya duka, milango ikiwa imefungwa. Nilitazama bila kusema neno, mara nyingi, hadi nikaanza kuona kilivyoshonwa. Kivuli kinapita ukutani, mwenye kivuli haonyeshwi. Uso wa mwanamke unasogezwa karibu mpaka unajaza shuka, lakini anachokitazama hatukioni, kwa hiyo kila mtu anajitungia chake. Muziki unapanda, unapanda, halafu unakatwa. Kitasa kinazunguka taratibu. Mlango unaanza kufunguka, na hapo maandishi yanatokea. Mwisho.

Kule kukatwa kwa muziki ndiko kulikonifungua macho. Shambani wachumaji hupiga soga mchana kutwa, mstari hadi mstari. Mstari mmoja ukinyamaza ghafla, kila mtu huinua kichwa na kusimama alipo, maana huenda kuna nyoka kwenye michai. Hakuna aliyemwona bado, ila miguu imeshakufa ganzi. Aliyetengeneza kile kipande alilijua jambo hilo. Mimi, mchuma chai mzima, nilikuwa nimesimama katikati ya ule ukimya nikipiga kelele, "Nyoka ni huyu hapa, na urefu wake ni huu!"

Jumamosi giza lilipoingia, kambi ya pili ilikuwa imeketi kwenye nyasi. Mbele kabisa alikaa mchumaji mmoja mzee ambaye sote tulimwita kogo, yaani nyanya. Kipande kikaanza. Mwenye gari alikuwa amesimama kando yangu, mikono kifuani.

Nikasema, "Mama huyu yuko peke yake." Kivuli kikapita. Ulimi uliniwasha, nikauma mdomo. Uso ukaja karibu. Nikanong'ona, "Amesikia kitu," kisha nikaishusha maikrofoni hadi gotini.

Muziki ukakatika. Ilibaki jenereta tu ikinguruma nyuma ya gari. Kitasa kikazunguka.

"Uuuwi!" Kogo alijifunika leso kichwani, na wanaume wazima wakashikana mikono. Maandishi yakatokea.

"We msemaji!" kogo akafoka kutoka ndani ya leso. "Ni nani huyo mlangoni?"

"Wiki ijayo, kogo."

"Wiki ijayo nitakuwa nimekufa! Sema sasa!"

"Usife, kogo. Njoo tu."

Walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakadai kirudiwe. Fundi akakirudisha, na wakapiga mayowe pale pale, kwa nguvu zaidi, ingawa sasa walijua kitasa kingezunguka.

Wiki iliyofuata uwanja haukutosha. Wengi walikuja kutoka ile kambi iliyotucheka, maana habari ilikuwa imewafikia huko shambani. Waliokosa nafasi mbele walikwenda kuketi upande wa nyuma wa shuka, wakatazama picha kinyumenyume, watu wa kwenye picha wakila kwa mkono wa kushoto. Mwenye gari alizunguka huko na taa yake kuwahesabu, akarudi akicheka peke yake.

"Haya, msemaji," akasema. "Watu wako wanakungoja."

Nikawasha maikrofoni, nikavuta pumzi, na kwa muda mrefu mtamu sikusema kitu.