Kumrudisha Zakaria Kundini

Nilikwenda Mkata kwa sababu mama alinichosha. Tangu miguu imgomee, alikuwa hatoki nje ya nyumba yake hapa Kwamndolwa, na kila nikimpelekea uji wimbo ulikuwa ule ule: "Nileteeni Zakaria nimwone kabla sijafa." Zakaria ni mdogo wangu, kitinda mimba, aliyeshindwa hata kuja kumzika baba kwa sababu ya pombe. Kanisa lilimtenga. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Habari za kondoo aliyepotea nimewafundisha watoto mpaka wanasinzia. Lakini kondoo kupotea ni jambo moja, kujipoteza kwa makusudi ni jingine.

Asubuhi nilipanda basi nikiwa nimevaa kitenge cha umoja wa akina mama, ili Zakaria akiniona tu ajue sijaja kucheka naye. Kuanzia Segera mpaka Kabuku nilikuwa napanga maneno ya kumkaripia. Yalikuwa mazuri sana. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa, maana midomo ilikuwa inacheza yenyewe.

Mkata nilimkuta kando ya barabara, anachoma mahindi na kuyakimbiza kwenye madirisha ya mabasi. Loo, alikuwa amekonda! Nilitaka kulia, nikajikaza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama anakuita. Lakini utalala kwangu mpaka Jumapili, usimame mbele ya kanisa, utubu watu wakusikie. Ndipo utakanyaga kwa mama."

Aliinamisha kichwa. "Dada, naona aibu. Baba nilimwacha azikwe bila mimi."

"Aibu ndiyo dawa yenyewe," nikamjibu.

Mwenye nyumba wake, Bi Mwanahamisi, mama wa Kizigua, alitutengea bada, ugali wa muhogo, na mchicha. Alinitazama ninavyokula nimekunja uso, akauliza, "Mwenzangu, samahani. Umekuja kumchukua ama kumshitaki?"

Nikamwambia yote mawili.

"Haya, basi kula ushibe. Kazi unayo."

Alasiri tukapanda basi la kurudi. Njiani nilimpigia simu mzee wa kanisa, ili Jumapili benchi la mbele liachwe wazi kwa ajili ya mtubu. Nilisahau kwamba mkewe ndiye anayemkanda mama miguu.

Jioni tulipofika stendi ya Korogwe, niliona bodaboda imepakia mshikaki: dereva, mama yangu katikati, na mke wa mzee wa kanisa amemshikilia kwa nyuma. Yesu wangu! Mama alishuka na kandambili moja, akaja anachechemea, mikono mbele.

Zakaria akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Mama, nimekosa. Sistahili hata..."

"Nyamaza. Umekula?"

"Mama," nikasema, "kuna utaratibu." Hakuna aliyenisikia.

Kabla giza halijaingia, jogoo alikuwa ameshachinjwa nyumbani kwa mama. Jogoo huyo huyo niliyeomba achinjwe Krismasi, nikaambiwa aachwe awike. Ndani wanawake waliimba na kupiga vigelegele. Mimi nikakaa uani juu ya kuni, nikasema kichwa kinauma.

Mama akatoka, anajishika ukutani.

"Ingia, mwanangu."

"Huyo hajatubu, mama."

"Katubu stendi. Hata makondakta wamesikia."

"Na mimi niliyekupikia uji miaka yote hii? Mimi si mtoto?" Hapo nililia kweli, tena kwa sauti.

Mama alijishusha taratibu, akiguna kwa maumivu, akaketi kando yangu juu ya zile kuni.

"Basi nitakaa hapa hapa," akasema. "Yule nimeshampata. Umebaki wewe."

Niliyojifunza katika safari ile si mengi. Mtu anaweza kupotelea uani kwa mama yake, na huko nako akafuatwa. Nikamwinua mama, tukaingia ndani. Bado nilikuwa nimenuna.