Udongo Usio na Dawa

Kila asubuhi muuguzi alipokea kwa Dada fulana safi za mgonjwa kupitia kidirisha cha wodi ya karantini. Siku hiyo hakunyoosha mkono. "Rudi nazo, mama," alisema kwa sauti ya chini, na Dada akajua mdogo wake hayupo tena.

Watu walimwita mdogo huyo Mshona-Miti. Kazi yake kitaluni ilikuwa kuunganisha kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha mchungwa juu ya shina la mlimau, akikifunga kwa utepe wa plastiki. Utepe huo aliung'ata. "Meno ni mkono wangu wa tatu," alizoea kusema. Majani yalipoanza kuoza, alikata miche mibovu utepe ukiwa mdomoni vilevile. Angejuaje kwamba anakimeza kijidudu kilichokuwa kikiyaozesha? Kijidudu kile kilikuwa kimetoroka maabara ya mbali. Kilikuwa kimeundwa kinyume, kila chembe yake imegeuzwa kama sura kwenye kioo. Kinga ya mwili ilikipita bila kushtuka. Dawa za kawaida hazikukishika. Dawa moja mpya, iliyogeuzwa vilevile, ilimshusha homa, akala, akatania. Kisha figo zake zikashindwa kuihimili, madaktari wakaiacha.

Siku ile ya utani, Dada alisimama nyuma ya kioo, amevaa barakoa.

"Dada, umependeza! Leo angalau umefungwa mdomo."

"Mdomo huuhuu ndio uliokulea, mjinga wewe."

Mdogo wake alicheka hadi akakohoa. Halafu akasema, "Nikifa, usinipeleke kwa mama."

"Koma! Nani kakwambia unakufa?"

"Michungwa inayozunguka kaburi lake nimeishona mimi. Nisije nikaiua nikiwa maiti."

Mama yao alipokuwa anakata roho, Dada alimwahidi kwamba mtoto huyo wa mwisho atalazwa ubavuni pake.

Sasa daktari alikuwa mbele yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Tukichimba kaburi refu, mwanangu? Tukajengea saruji?" Dada aliuliza.

"Dawa tuliyo nayo ni ya mtu kitandani, mama, na umeona ilipofikia. Ya ardhi hatuna. Kijidudu hiki kikishaingia udongoni, hata vijidudu vinavyokula vingine haviwezi kukila. Hatuna namna ya kukitoa."

"Kwa hiyo mmchome mtoto wa watu kama takataka?"

Daktari aliinamisha kichwa. Dada akafumba macho, akamwomba Mungu amfikishie mama yake samahani, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na njia.

"Mchomeni," alisema. "Mwenyewe alitaka."

Ndugu walisimama nje ya uzio. Sanduku lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyeuona uso wala kumgusa. Liliingizwa katika tanuru pamoja na miche yake yote na kisu chake cha kukatia miche. Walisali, wakaimba ubeti mmoja. Moshi ulipoanza kutoka, Dada aliinama kwa mazoea akachota udongo kiganjani. Ndipo akakumbuka kwamba hakuna kaburi. Akaurudisha chini taratibu, akanawa mikono kwenye ndoo ya dawa iliyowekwa langoni, na wenzake wakanawa baada yake. Kisha wakaenda nyumbani.